Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza: Saa ya Seva Si Saa ya Kigoma

Kila mwaka, vyuo vinapofunga na vijana wa mafunzo kwa vitendo wanapoanza kuripoti ofisini kwetu hapa Mwanga, mjini Kigoma, haipiti wiki kabla sijasikia sentensi ileile: "Kaka, kwangu mbona inafanya kazi?" Anayeisema huwa ameshaigeuza laptopu yake kunielekea ili nijionee, na kweli kwake inafanya kazi. Shida ni kwamba hakuna mteja atakayekuja kuazima laptopu hiyo. Mwaka huu sentensi hiyo imenifika kooni, kwa hiyo ninaandika, kwanza kwa sababu ninawapenda na pili kwa sababu nimechoka. Sitaeleza Git ni nini wala Laravel husakinishwaje, kwa kuwa hayo mnayajua, na baadhi yenu mnayajua kunishinda.

La kwanza ni majina ya mafaili. Windows haijali kama picha inaitwa Nembo.JPG au nembo.jpg, lakini seva ya Linux inajali, kwa hiyo andikeni majina yote kwa herufi ndogo na msiache nafasi katikati. Kijana mmoja alimaliza asubuhi nzima akiilaumu kampuni ya intaneti kwamba imezuia nembo ya mteja, akabadilisha laini, akanunua bando jingine, kumbe ilikuwa herufi N.

La pili ni saa, na hapa nitakaa.

Fungueni php.ini, faili la mipangilio ya PHP linalokuja na XAMPP (kile kifurushi cha kuendeshea seva kwenye laptopu), mtafute mstari wa date.timezone. Mtakuta umeandikwa Europe/Berlin. XAMPP ina asili ya Ujerumani, na Wajerumani, ambao waliifikisha reli hapa mwaka 1914 wakatuachia stesheni, wametuletea na saa yao pia. Laravel nayo, tunayojengea programu za PHP, huja ikiwa imewekwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na hifadhidata ya MySQL, usipoiambia vinginevyo, hufuata saa ya mashine inayoiendesha. Kwa hiyo programu moja, kwenye laptopu moja, juu ya meza moja, inaweza kuwa na saa tatu zisizokubaliana. Mwanafunzi akiona risiti inaonyesha saa iliyo nyuma, anaongeza saa moja kwenye msimbo, mambo yanakaa sawa, anafurahi. Mwisho wa Oktoba Ulaya hurudisha saa zao nyuma, na risiti za Kigoma zinaharibika siku ambayo hakuna mtu aliyegusa kitu.

Nasema haya nikiwa na sababu. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi hii, nilitengeneza mfumo wa ghala moja la dagaa upande wa Kibirizi. Magunia hupimwa hapo usiku kucha ili yawahi malori, na wateja wengi ni wa siku zote, wanaochukua mzigo kwanza na kumlipa mwenye ghala baadaye kwa simu. Seva niliikodi ng'ambo, saa yake ikiwa UTC, yaani saa tatu nyuma yetu. Nilipoona risiti ya kwanza imekosea, sikujiuliza imekosea kwa nini. Nilienda mahali risiti inapochapwa, nikaongeza saa tatu, risiti ikasoma sawasawa, nikakabidhi kazi na kulipwa.

Hesabu za ghala zilikuwa zinafungwa saa sita usiku, zamu zinapobadilishana. Msimamizi alikuwa anabonyeza "Ripoti ya Leo", anachapa karatasi, anaiweka kwenye faili la mwenye ghala, na mwenye ghala, ambaye hakuwa mtu wa kufungua kompyuta, alikuwa anajumlisha karatasi hizo kwa kalamu. Ripoti yangu ilikuwa inachagua mizigo kwa CURDATE(), amri ya MySQL inayotoa tarehe ya leo, na tarehe ya seva haikuwa tarehe ya Kibirizi. Gunia lililotoka saa nane usiku wa kuamkia tarehe 14 liliandikwa kwenye hifadhidata kuwa limetoka saa tano usiku wa tarehe 13. Ripoti ya tarehe 13 ilikuwa imeshachapwa saa mbili kabla ya gunia hilo kupimwa, na ripoti ya tarehe 14, itakapochapwa, haitaliona. Fuateni hesabu hiyo taratibu: kila kilichotoka kati ya saa sita na saa tisa usiku hakikuwa kwenye karatasi yoyote.

Mwisho wa mwezi waliyahesabu magunia yaliyobaki, wakalinganisha na karatasi, wakakuta upungufu. Aliyekuwa anashika zamu ya saa hizo alikuwa mzee mmoja mpole, karani wa miaka mingi, ambaye pamoja na mfumo wangu aliendelea kuandika kila gunia kwenye kauntabuku lake. Aliitwa, akaleta kauntabuku, nami nikaitwa nilete ushahidi wa kompyuta. Nilifungua risiti chache za usiku, nikaona saa ni sahihi, nikasema mbele ya watu wote kwamba mfumo hauna kasoro na kwamba kompyuta haina sababu ya kumsingizia mtu. Nilisema hivyo kwa Kiswahili fasaha kabisa, na kauntabuku lililokuwa mezani mbele yangu sikulifungua. Alianza kukatwa mshahara.

Baadaye nilipita pale kurekebisha printa, naye akanikaribisha chai kama kawaida, jambo ambalo mpaka leo linanisumbua kuliko kama angenitukana. Akaniambia, "Mwanangu, mimi mashine zenu sizijui. Njoo ukae na mimi usiku mmoja tu, tupime pamoja." Nilikwenda, zaidi kwa aibu kuliko kwa kutaka kujua. Saa nane na dakika chache tuliliweka gunia kwenye mizani, akaandika kwenye daftari, nami nikaingiza kwenye mfumo kwa mkono wangu mwenyewe. Risiti ikatoka na saa sahihi. Nikabonyeza "Ripoti ya Leo", ikaja yenye tarehe ya jana. Gunia lile lilikuwa mstari wa mwisho kabisa, chini ya magunia ambayo msimamizi alikuwa ameshayachapa, akayafungia na kwenda kulala.

Mzee aliinama akasoma kioo, akasema, "Hilo hapo." Hakuongeza neno.

Mwenye ghala alimrudishia makato yote, na kwa hilo ninamheshimu. Mfumo niliurekebisha kabla jua halijachomoza, lakini nilivyourekebisha ndivyo ninavyowakuta ninyi mnavyorekebisha: niliongeza saa tatu kwenye ripoti pia. Tulipohamia seva nyingine, ambayo aliyeiandaa alikuwa ameshaiweka kwenye saa ya Dar es Salaam, kila kitu kikaenda mbele saa tatu, na malori ya usiku yakaonekana yameondoka kesho yake. Hapo ndipo nilipokaa chini na kufanya kazi ambayo nilitakiwa kuifanya mwanzoni.

Kazi yenyewe ni fupi. Hifadhini wakati kwa UTC, na mbadilishe pale tu mtu anapousoma au anapouliza "leo". Mpaka wa siku, yaani saa sita usiku ya hapa, ukokotolewe kwanza kwenye programu, ubadilishwe kuwa UTC, ndipo uulizie hifadhidata kati ya wakati huu na ule. Msimwachie CURDATE() aamue leo ni lini. Jueni kwamba kwenye MySQL safu ya aina ya TIMESTAMP hubadilishwa kwenda UTC inapohifadhiwa, ilhali DATETIME hubaki ilivyoandikwa, na kwamba TIMESTAMP inaishia Januari 2038, ambayo kwa mkopo wa nyumba si mbali. Tumieni jina Africa/Dar_es_Salaam badala ya namba tatu. Mtaniambia kwamba Tanzania haibadilishi saa kwa misimu, kwa hiyo namba na jina ni mamoja. Ni kweli, mpaka mteja wenu apate wakala ng'ambo ya ziwa. Bujumbura, Kalemie na Mpulungu zote ziko saa moja nyuma yetu, na kwa mji wa bandari kama huu wateja wa namna hiyo ndio wenye fedha. Zaidi ya hayo, jaribuni programu usiku. Kama hamwezi kukesha, isogezeni saa ya laptopu hadi saa saba na nusu usiku, mfunge hesabu, mwone.

La tatu: Git. Linus Torvalds aliianza mwaka 2005 kwa ajili ya wanaoandika Linux, akaiunda ifanye kazi bila kutegemea seva moja, na ndiyo maana historia yote ya kazi yenu imo ndani ya laptopu hata mtandao ukiwa umekatika. Sasa mtu aliyekaa Kigoma, ambaye mtandao wake hukatika wingu linapotanda, anasema hakuhifadhi kazi kwa kuwa hakukuwa na bando la kufungua GitHub, tovuti tunakopeleka nakala ya kazi! Hifadhini hapohapo, kila jambo dogo linapokamilika, na mpeleke GitHub bando likipatikana. Folda lenye jina la "mwisho_kabisa_2_mpya" nikilikuta tena kwenye flashi ya mtu, nitalifuta mwenyewe. Na faili la .env, lenye nywila za mfumo, lisiende GitHub kamwe. Likishakwenda, kulifuta hakusaidii, kwa kuwa nywila imebaki kwenye historia, kwa hiyo badilisheni nywila siku hiyohiyo.

La nne ni mabishano ya mifumo endeshi, ambayo huanza chai inapoletwa na hayana mwisho. Msimamo wangu ni mwepesi: kwenye kaunta ya mteja kaa na kile ambacho printa yake ya risiti inakielewa, na mara nyingi hicho ni Windows, kwenye seva kaa na Linux. Ila kuna jambo lililobadilika ambalo baadhi yenu hamjalizingatia. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni, wakati laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa mjini hapa hazina sifa hizo. Kijana mwenye laptopu kama hiyo asikimbilie Windows ya kuvunjwa kutoka kwa fundi, maana anayekupa kifaa cha kuvunja kufuli hukuachia na wageni wengine ndani. Aweke Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, ya toleo la LTS (la kutunzwa muda mrefu), ambalo hutoka Aprili ya kila mwaka wa pili na hutunzwa miaka mitano, na atajikuta anajifunza mfumo uleule unaotumika kwenye seva. Matatizo ya herufi kubwa na ndogo niliyoyasema juu atayakuta mezani kwake kabla hayajafika kwa mteja. Mnaobaki Windows, wekeni alama kwamba intaneti yenu ni ya kipimo, la sivyo masasisho yatakula bando la wiki kabla ya saa nne asubuhi.

Kuhusu akili bandia, sizuii mtu kuitumia, nami ninaitumia. Ninachozuia ni kuniletea msimbo ambao nikikuuliza mstari wa kumi unafanya nini unaniangalia usoni. Ombi lenu la ripoti ya siku mkiliandika bila kutaja saa za eneo, mtarudishiwa CURDATE() safi, yenye maelezo mazuri juu yake.

La mwisho ni malipo kwa simu. Mtandao wetu ukizubaa, mteja hubonyeza "Lipa" mara ya pili, simu inaletewa maombi mawili ya namba ya siri, naye anaweka namba ya siri mara zote mbili. Kukizima kitufe baada ya kubonyezwa hakutoshi, kwa sababu atafungua ukurasa upya. Tengenezeni namba ya kumbukumbu oda inapofunguliwa, iwekeni kwenye hifadhidata kwa sharti la kutojirudia, na ombi la pili lenye namba hiyo lipewe jibu la ombi la kwanza. Jibu la kampuni ya simu lisipofika, andikeni kwamba malipo yanasubiri, kisha mfumo uulizie hali yake kwa namba hiyohiyo. Msiandike kwamba yameshindikana, kwa kuwa mteja akilisoma neno hilo atalipa tena, na asubuhi atakuwa kaunta kwenu akiwaonyesha meseji mbili za makato.