Ukuta wa nyumba ya nyanya unabanduka, nipige simiti tena?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Sisi tuko Mkomani, Lamu, nyumba tuliachiwa na nyanya, ya mawe ya zamani. Mwaka juzi fundi alitupigia plasta ya simiti mpaka kimo cha kiuno, ikapendeza, sai inabanduka na kuna unga mweupe unatoka. Anataka tuvunje upande wa nyuma tujenge na bloki, kifusi kipakiwe punda kikatupwe. Kaka yangu nae ameona video ya nyumba za plastiki, anasema tukusanye chupa. Tushike lipi?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza msimamishe huyo punda kabla hajafika kona. Hicho kifusi ndo mali, jiwe la matumbawe likitolewa ukutani linarudi ukutani, wazee walifanya hivo hivo, ukiligeuza utaliona bado lina chokaa ya mwenye nyumba wa kwanza.

Huo unga ni chumvi. Jiwe letu lina vitundu, linanyonya maji toka chini kama sponji, na ukuta wa chokaa unayatoa hewani pole pole bila mtu kujua. Ukiziba na simiti maji yatapita wapi, yanakaa nyuma ya plasta ama yanapanda juu zaidi, chumvi inaganda inasukuma, na kwa vile simiti ni ngumu kuliko jiwe ikitoka inatoka na nyama ya jiwe. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo chooni kwetu, nikalipa mara mbili, na mke wangu hajasahau.

Kwa hivyo toa simiti taratibu kwa tindo, acha ukuta ukauke, na hapa nasema miezi sio wiki, usianze wakati wa masika. Halafu chokaa iliyolowekwa siku nyingi, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga, na sio mchanga wa ufuoni, huo utakurudishia chumvi ile ile. Chokaa mbichi ikitiwa maji inachemka na kuruka, kwa hiyo watoto wakae mbali na wewe ufunike macho. Ikishapigwa inashika kwa kula tena hewa ya ukaa, ile iliyotoka jiwe lilipochomwa tanuuni, ndo maana haina haraka, ifunike na magunia mabichi. Ila usiende kubandua matumbawe baharini eti uchome yako, samaki watakaa wapi?

Boriti iliyooza ncha usiitupe, kata, itafaa chumba chembamba. Vyumba vya Lamu si vyembamba bure, boriti ya mkoko haivuki mbali.

Kaka yako si mjinga lakini. Jahazi la Flipflopi lilijengwa hapa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, na 2019 likaenda mpaka Unguja, na Nairobi kampuni ya Gjenge Makers wanachanganya plastiki na mchanga wanatoa matofali ya kutandika chini. Uani kwenu yatafaa sana. Ukutani hapana, hayapumui na moto ukishika yanayeyuka. Wala msijaribu kuyeyusha wenyewe jikoni, hasa vipande vya paipu, ule moshi ni sumu.

Na Mkomani iko ndani ya mji wa kale ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2001, kabla hujavunja chochote huko nyuma pita kwanza kwa watu wa makumbusho. Wakikuuliza utajenga na nini, waoneshe kifusi.