Maswali na Majibu: Kituo kipo, lakini leo kinafanya kazi?

Safari hii nimechagua maswali yanayogusa jambo moja: tutajuaje kama zahanati au kituo cha afya cha kwetu kina uwezo wa kutoa huduma inayostahili? Yaliyofanana nimeyaunganisha, na majina ya waulizaji na ya vituo nimeyaacha.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati, wilayani Chamwino. Zamani tulipewa nyota mbili. Bado zina maana?

Zina maana ya kumbukumbu tu, ndugu mjumbe. Tathmini ya nyota ilianza 2015/16 ikarudiwa 2017/18. Ilipima uongozi na watumishi, uwajibikaji kwa wananchi, usalama wa mazingira na ubora wa huduma. Lengo lilikuwa asilimia 80 ya vituo vya ngazi ya msingi vifike nyota tatu au zaidi ifikapo 2018. Awamu ya kwanza, takriban theluthi moja ya vituo havikuambulia hata nyota moja. Awamu ya pili hali ilipanda, lakini lengo halikufikiwa.

Tangu siku ile muuguzi huenda amehama, mzani wa watoto umeharibika na tangi la maji limepasuka. Kwa hiyo usiulize nyota. Kila kituo kilichopimwa kilitakiwa kubaki na mpango wa kuboresha huduma, wenye udhaifu uliokutwa na hatua za kuchukua. Ombeni huo mpango kwenye kikao kijacho, mwusome wote mstari kwa mstari. Kamati isiyojua udhaifu wa zahanati yake haisimamii, inasaini tu.

Naomba unitumie dodoso la kutathmini uwezo wa vituo vya afya, ni la utafiti wangu wa chuo. Naomba kabla ya Ijumaa.

Ombi hili linakuja kila mwaka, na kila mwaka najibu vilevile. Dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo SARA liko wazi kwa kila mtu. Kinachokosekana kwenye barua zenu ni swali mnalotaka kulijibu. Amua hilo kwanza, ndipo utafute dodoso. Pata kibali cha maadili ya utafiti na barua ya halmashauri kabla hujakanyaga kituo. Na simu yenye kamera iache mlangoni mwa chumba cha kujifungulia. Nimeona wanafunzi wakipiga picha wazazi wakiwa kitandani, na hilo halina msamaha.

Hospitali ipi ni bora kuliko zote Dodoma?

Bora kwa ugonjwa gani? Kwa afya ya akili kuna Mirembe. Benjamin Mkapa hupandikiza figo tangu 2018. Kwa mama asiye na tatizo lolote, bora ni kituo cha karibu chenye mkunga aliye zamu usiku.

Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi wa zahanati, Kongwa. Timu ya halmashauri inakuja wiki ijayo kwa usimamizi. Tujiandaeje ili tupate alama nzuri?

Marahaba, mwanangu. Msijiandae.

Najua mganga mfawidhi hatalipenda jibu hili. Lakini nimekaa miaka kwenye timu za namna hiyo mkoani hapa Dodoma, na maandalizi ndiyo yaliyotuficha ukweli kuliko kitu kingine chochote. Shuka mpya zinatandikwa, MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za huduma, inajazwa ya mwezi mzima kwa usiku mmoja na kwa kalamu moja, na watumishi walio likizo wanaitwa ili ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, ionekane imejaa. Timu inaondoka na karatasi nzuri, na halmashauri inapanga bajeti kwa karatasi hiyo. Mlichokificha hakitanunuliwa, kwa sababu kimeandikwa kwamba kipo.

Hata bila udanganyifu, mtu akitazamwa hubadilika. Utafiti wa Leonard na Masatu kule Arusha, uliochapishwa 2006, ulionyesha kwamba ubora wa kazi ya matabibu ulipanda mara watafiti walipoingia chumbani, kisha ukarudi chini kadiri walivyozoea kutazamwa. Maana yake tabibu alijua la kufanya. Siku za kawaida hakulifanya. Kwa hiyo ninyi mlio kwenye timu, na najua mnanisoma, kaeni chumbani hadi mwenyeji wenu awasahau.

Nikupe mfano wa yale tunayopitia bila kuyaona. Kwenye zahanati moja nilikuta safu yote ya dawa za uzazi imewekewa alama ya vema. Oksitosini ipo, idadi inatosha, tarehe ya mwisho wa matumizi bado. Nikaomba kuiona. Muuguzi akafungua kabati la mbao lililotazama dirisha la magharibi, saa tisa alasiri, mwezi wa Oktoba. Nilipoishika ile chupa ndogo ya kioo ilikuwa vuguvugu. Oksitosini inatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Ikikaa kwenye joto kwa muda mrefu nguvu hupungua, na mama anayetoka damu baada ya kujifungua hupigwa sindano isiyomsaidia. Friji lilikuwa chumba cha pili, limejaa chanjo. Muuguzi alikuwa ameambiwa asichanganye chochote na chanjo, akatii. Hakuna aliyekuwa ameuliza dawa inakaa wapi. Tulikuwa tunauliza ipo ngapi.

Ndiyo maana nasema, wakija waonyesheni kabati lilivyo na friji lilivyo. Mashine iliyokufa isirudishwe kwenye boksi. Chomekeni waya mbele yao waone haiwaki, kisha hakikisheni jambo hilo limeandikwa kwenye kitabu cha wageni kabla gari halijaondoka.

Diwani wetu wa Bahi anasema kata imepata kituo cha afya cha kisasa chenye jengo la upasuaji. Mbona wake zetu bado wanapelekwa Dodoma mjini kufanyiwa upasuaji?

Kwa sababu jengo halipasui mtu. Samahani kwa ukali, lakini swali hili limeletwa na watu sita kutoka wilaya nne.

Tangu 2017/18 vituo vingi vya afya nchini vimejengewa vyumba vya upasuaji, na kazi hiyo imeokoa watu. Vifo vya wazazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 vilishuka hadi 104 katika ule wa 2022. Sibezi majengo hata kidogo. Ila upasuaji wa kumtoa mtoto ni mnyororo. Lazima awepo wa kupasua na wa kutoa dawa ya usingizi, tena usiku na Jumapili. Damu salama iwepo kwenye friji. Umeme usikatike, au jenereta liwe na mafuta. Vifaa viwe vimetakaswa, na maji yatoke bombani, jambo ambalo kwenye mkoa wetu huu mkame si la kudhania. Pete moja ikikosekana, mnyororo mzima haupo.

Na hapa ndipo wastani unapodanganya. Kituo chenye vitu tisa kati ya kumi kinaandikiwa asilimia 90, kila mtu anafurahi. Kama kile cha kumi ni mtaalamu wa usingizi, uwezo wa kituo hicho kwa upasuaji ni sifuri, na ripoti ilipaswa kuandika sifuri. Ikama ya 2014 iliweka watumishi 39 kuwa kiwango cha chini kwa kituo cha afya na 15 kwa zahanati. Muulizeni diwani wenu waliopo leo ni wangapi, na kati yao wangapi wanaweza kuingia chumba cha upasuaji saa nane usiku. Aulizwe kwenye mkutano wa hadhara, kwa heshima, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Wakati mnasubiri majibu, kila nyumba yenye mjamzito iwe na namba 115 ya m-mama kichwani. Ni ya kuita usafiri wa dharura wa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga, na kupiga ni bure.

Zahanati yetu, Kondoa, inapokea wagonjwa wachache sana. Si dalili kwamba watu wana afya njema?

La. Waulize wanakwenda wapi na kwa nini wanaipita zahanati.

Mpwapwa hapa kila tukienda tunaambiwa dawa hakuna, MSD (Bohari ya Dawa) haijaleta. Ni kweli?

Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi ni nusu ya ukweli. MSD hupeleka kilichoombwa, na kituo kisichojaza ledja yake ya dawa hakijui kilitumia nini, kwa hiyo kinaomba kwa kukisia. Halafu MSD ikikosa dawa, hadithi haiishii hapo. Mfumo wa Jazia, unaoruhusu vituo kununua dawa zinazokosekana kutoka kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi mmoja aliyeteuliwa kwa mkoa mzima, ulianzia hapahapa Dodoma mwaka 2014, ukapelekwa nchi nzima 2018. Mkoa ulioufundisha wenzake haupaswi kujibu wagonjwa kwa sentensi moja. Fedha pia siku hizi huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kamati iulize: taarifa ya kukosa dawa ilitolewa lini, oda ya mshitiri ilipelekwa lini, salio ni kiasi gani? Maswali hayo matatu yatawaonyesha kosa liko ghala gani.

Mimi ni bibi tu, sikusoma. Nitaitambuaje zahanati nzuri ya kumpeleka mjukuu wangu akajifungue?

Shikamoo, mama. Swali lako ni zito kuliko yote haya.

Nenda kabla ya siku zake, tena nenda jioni, maana asubuhi kila zahanati ina watu. Uone kama kuna mtu wa zamu au mlango una kufuli. Fungua bomba, au angalia kama ndoo ya kunawia ina maji na sabuni. Omba uonyeshwe kitanda cha kujifungulia na taa yake, na taa iwashwe mbele yako. Muulize muuguzi, mama akitoka damu nyingi mnafanya nini, na gari linatoka wapi. Hata kama hutaelewa majina ya dawa, utamwona kama anajibu haraka au anatafuta maneno. Mwangalie pia anavyokujibu wewe, kwa sababu ndivyo atakavyomjibu mjukuu wako akiwa kwenye uchungu. Ukikuta giza na kufuli, mpeleke mapema kwenye kituo chenye chumba cha wajawazito cha kusubiria, na uniandikie jina la zahanati hiyo. Nitalifikisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya mwenyewe.