Maswali ya Wasomaji: Krismasi ya Kusini Ndani ya Fleti ya New York

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania niliyeolewa na Mmarekani, mzaliwa wa Birmingham, Alabama. Tuliishi huko miaka 11, jirani kabisa na wakwe zangu, mpaka mwaka juzi kazi ya mume wangu ilipotuleta New York, katika fleti ya vyumba viwili huko Bronx. Krismasi yetu ya kwanza hapa nilijitahidi kupika kila kitu ambacho mama mkwe alikuwa akipika, na kazi hiyo ilinichukua siku tatu. Tulipoketi mezani tulikuwa wanne: mimi, mume wangu na watoto wetu. Mume wangu alikula kidogo, akanishukuru kwa adabu, kisha akaenda kusimama dirishani. Mwaka jana hatukupika chochote, na hali ikawa mbaya zaidi. Nilikosea wapi, na mwaka huu nifanyeje? — Mama Wawili, Bronx

JIBU: Mama Wawili, pole kwa siku tatu za jikoni. Nadhani jibu umelitaja mwenyewe pale uliposema kuwa mlikuwa wanne. Umeishi Alabama muda wa kutosha kukumbuka jinsi siku ile inavyokwenda: mlango haufungwi, shangazi anapita na keki iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini, binamu anakuja kula mara ya pili baada ya kula kwao, na jirani aliyesema anapita dakika tano anaondoka usiku. Chakula cha Krismasi cha Kusini mwa Marekani hupikwa kwa hesabu ya watu ambao hawajasema kama watakuja. Ukikipika kwa kipimo hichohicho na kukiweka mbele ya watu wanne, kila sufuria iliyobaki imejaa humwonyesha mwenye nyumba idadi ya wasiokuwapo. Ndiyo maana sidhani kwamba mume wako alikuwa na lalamiko lolote kuhusu upishi wako.

Kwa hiyo mwaka huu anza na watu, halafu uhesabu sufuria. Wala usidhani kwamba watu wa Kusini ni adimu katika mji huo. Kuanzia miaka ya 1910 hadi karibu mwaka 1970, Wamarekani weusi wapatao milioni 6 waliyahama majimbo ya Kusini wakikimbia ubaguzi na umaskini wa mashamba ya pamba, wakaelekea miji ya kaskazini na magharibi. Walifuata njia za reli, na ndiyo sababu waliotoka Alabama na Mississippi waliangukia zaidi Chicago, Detroit na Cleveland, huku waliotoka Virginia, Carolina zote mbili na Georgia wakipanda kwa pwani ya Atlantiki hadi Harlem, mtaa wa New York, na baadaye watoto wao wakasogea Bronx. Yule mzee anayekusalimu kwenye lifti huenda bibi yake alizaliwa South Carolina, na huenda kila Desemba naye husimama dirishani kwake.

Mahali pepesi pa kuwapata ni kanisani. Makanisa mengi ya Kibaptisti na ya Kimethodisti ya Wamarekani weusi ya Harlem na Bronx yalijazwa na wahamiaji hao, na mengine bado yana familia zinazojitambulisha kwa jimbo walikotoka babu zao. Kama bado hamjajiunga na kanisa lolote, nendeni kwenye mkesha wa Desemba 31. Ibada hiyo ina uzito wa pekee kwa watu weusi wa Marekani, kwa kuwa usiku wa Desemba 31, 1862, watumwa na watu huru walikesha wakisubiri tangazo la Rais Lincoln la kuwakomboa watumwa katika majimbo yaliyoasi, ambalo lilianza kutumika Januari 1, 1863. Baada ya mkesha, mwaliko wa kuja kula kunde siku ya mwaka mpya haukataliwi na mtu wa Kusini, kwa kuwa kwao kunde na sukuma wiki siku hiyo ni dua ya riziki.

Tukija kwenye chakula chenyewe, chagua vitu vitatu na uviache vingine vyote. Cha kwanza kiwe ule mkate wa mahindi uliovurugwa, ukachanganywa na supu ya kuku, vitunguu, seleri na mayai, kisha ukaokwa tena, maana meza ya Krismasi ya Alabama isiyo na chakula hicho haijakamilika. Jihadhari na unga: mkate wa mahindi unaouzwa kaskazini mara nyingi una sukari nyingi mithili ya keki, na ukiutumia, mume wako ataujua kwa tonge la kwanza. Nunua unga mweupe wa mahindi usiochanganywa na kitu, oka mkate bila sukari katika kikaango cha chuma kilichokwisha kupata moto pamoja na mafuta yake, na uuoke siku moja kabla ili ukauke. Kama wakwe zako hupika pia vile vimkate vya ngano vya asubuhi, waombe wakutumie unga wa White Lily, uliotengenezwa kwanza Knoxville, Tennessee, mwaka 1883. Unasagwa kutokana na ngano laini yenye protini kidogo, na ndiyo maana unga wa kawaida wa kaskazini hutoa vimkate vigumu hata mpishi awe hodari namna gani.

Cha pili ni sukuma wiki, ile ya majani mapana, iliyochemshwa polepole na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Hapa huhitaji somo langu; kumbuka tu kwamba wao huipika kwa saa nzima na zaidi, na mchuzi wake haumwagwi, kwa kuwa ndimo mkate wa mahindi unamochovywa.

Cha tatu ni keki, nami ningependa iwe ile ya Lane, hasa kwa sababu mume wako ni wa Alabama. Iliasisiwa na Emma Rylander Lane wa mji wa Clayton katika jimbo hilo, aliyechapisha maelekezo yake mwaka 1898, na mwaka 2016 Alabama iliitangaza rasmi kuwa kitindamlo cha jimbo. Ni keki nyeupe ya tabaka kadhaa, na katikati hujazwa mchanganyiko wa viini vya mayai, siagi, sukari, zabibu kavu na wiski. Wasiotumia pombe huweka maji ya zabibu. Kwa mwenye jiko dogo ina faida moja kubwa: huwa tamu zaidi ikikaa siku mbili tatu, hivyo utaioka mapema na oveni itabaki wazi kwa ajili ya mkate. Hata hivyo, kabla hujanunua hata yai moja, mpigie simu mama mkwe. Kusini si jimbo moja wala meza moja. Virginia hujivunia paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, Texas watu hukusanyika kukunja tamali, yaani unga wa mahindi wenye nyama ndani uliofungwa kwa maganda ya mahindi, na hata ndani ya Alabama kuna nyumba ambazo keki ya Krismasi ni ya nazi na si nyingine. Ukimwuliza akufundishe kwa simu huku mume wako akisikiliza kutoka sebuleni, utakuwa umeshaanza Krismasi.

Na watoto wasisahaulike katika lile shindano la salamu, ambalo bila shaka walilijua Birmingham: anayewahi kumwambia mwenzake "Zawadi ya Krismasi!" asubuhi ya Desemba 25 ndiye anayestahili kupewa kitu kidogo, hata kama ni chungwa. Waamsheni alfajiri, wampigie babu kabla hajawapigia. Pia mwombeni baba mkwe atume kwa posta boksi la majani ya magnolia, ambayo ni magumu kama ngozi na hukaa majuma kadhaa bila maji. Shada lake likitundikwa kwenye mlango wa fleti, mtu wa Kusini atakayepita kwenye korido atabisha hodi mwenyewe.

Ikiwa baada ya yote hayo mume wako bado atasema anataka kwenda kwao, nendeni. Treni ya Amtrak iitwayo Crescent hutoka New York kwenda New Orleans kupitia Birmingham. Huondoka mchana na kufika Birmingham siku ya pili, mwendo wa takriban saa 22. Tiketi za wiki ya Krismasi ununue mapema sana. Kwenda nyumbani si kushindwa, ingawa wapo wahamiaji wenye kiburi watakaokuambia hivyo.

SWALI: Nilisoma na kufanya kazi Louisiana kwa miaka 9, na sasa nipo Brooklyn. Ninataka kukaanga bata mzinga mzima kwenye roshani, kama tulivyokuwa tukifanya uani, na kuwasha fataki kidogo kwa ajili ya watoto. Jirani yangu anasema nitakamatwa. Je, ni kweli? — Kaka wa Bayou

JIBU: Kaka, jirani yako ni mtu mwema, mpe sahani ya chakula. Katika New York hairuhusiwi kuweka mtungi mkubwa wa gesi ya propani kwenye roshani ya jengo la fleti, na fataki za watu binafsi ni marufuku mji mzima, hata zile fimbo ndogo za kumetameta. Bata mzinga ambaye hajayeyuka barafu sawasawa akitumbukizwa katika mafuta yanayochemka, mafuta hufurika na kuwaka, na roshani haina pa kukimbilia.

Pika gambo, ule mchuzi mzito, mkesha wa Krismasi, jambo ambalo nyumba nyingi za Louisiana hulifanya. Koroga unga na mafuta polepole mpaka uwe na rangi ya chokoleti, usiuache hata kuitikia simu, kisha ongeza vitunguu, seleri, pilipili hoho, kuku na soseji ya moshi. Wakati sufuria inatokota, waelezee watoto habari za parokia ya St. James (huko Louisiana parokia ni kama wilaya), ambako Desemba 24 watu huwasha mioto mikubwa ya magogo juu ya tuta la Mto Mississippi, karibu na miji ya Gramercy na Lutcher, ili kumwangazia njia Papa Noël, Baba Krismasi wao. Watakuomba uwapeleke, na hilo ni deni utakalolilipa mwaka mwingine.

SWALI: Kule North Carolina tulikuwa tukienda shambani kukata mti wetu wenyewe. Hapa Manhattan miti huuzwa kando ya barabara, nami naona kama ni uchuuzi usio na heshima. Je, nifanye nini? — Msomaji, Manhattan

JIBU: Heshima yake ina umri mrefu kuliko wako na wangu. Tangu mwaka 1938, sheria ya New York inaruhusu miti hiyo kuuzwa kando ya barabara mwezi wa Desemba bila leseni, mradi mwenye jengo lililo mbele ameridhia. Mwulize muuzaji miti yake imetoka wapi. Akikujibu kwamba ni miti ya aina ya Fraser kutoka milima ya North Carolina, basi ni mti wa nyumbani kwenu uliokutangulia mjini. Soma kwanza mkataba wako wa upangaji, kwa kuwa wenye nyumba wengine hawataki miti iliyokatwa ndani ya majengo yao. Ukiruhusiwa, mwombe muuzaji akate kipande chembamba cha shina pale chini, kisha uutie mti maji siku hiyohiyo, kabla utomvu haujaziba mahali palipokatwa.