Chai ya Katesh

SWALI: Shikamoo Shangazi. Ni dereva wa Fuso, nakaa Ngamiani, Tanga. Desemba 2023, Mlima Hanang ulipomeguka na tope kuzoa nyumba za Katesh, nilipeleka mablanketi na unga. Mama mmoja, nyumba yake imefukiwa hadi kwenye linta, alinichemshia chai. Mafiga yake ni mawe yaliyoletwa na tope lenyewe. Kikombe kilikuwa kimoja. Nikasema nimeshiba. Akanyamaza, akaimwaga. Hadi leo sina raha. Nilikosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ulikosea, ingawa kwa huruma. Tarehe 3 ile mlima uliteremsha matope, mawe na magogo, yakachukua watu, mifugo na mashamba. Tangu hapo mama yule anaitwa mwathirika: anapanga foleni, anaandikwa jina, anapokea. Kwa kikombe kile alitaka walau dakika tano awe mwenyeji, nawe uwe mgeni wake. Ukamrudisha kwenye foleni. Sisi wa Tanga tunajisifu kwa kukirimu watu (tena tunazidisha), lakini jirani akikataa chai yako ya mchaichai, hununi? Ungepiga hata mafunda mawili, ukaisifu.

Usimtumie pesa za kujifutia aibu. Ukipata mzigo wa kwenda huko, mchukulie machungwa ya Muheza, bisha hodi, sema: "Mama, nimeifuata ile chai yangu." Machungwa uyatoe baada ya kunywa.