Jibu: Dola 100, pedali gani kwanza?

Ndugu, salamu kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Umeuliza kwa dola 100 ununue kipi kwanza kwa gitaa lako la umeme, pedali (kifaa kinachokanyagwa kwa mguu) ya kutuni au ya mwangwi, ilhali nyuzi zako hupoteza tuni katikati ya ibada. Anza na ya kutuni. Miaka miwili nilitegemea programu ya simu katika kwaya yetu, na ngoma zilipoanza kulia, simu haikuusikia uzi wangu hata kidogo. Pedali husoma umeme wa gitaa lenyewe, na ukiikanyaga hunyamazisha sauti, basi unatuni bila kuwasumbua waimbaji. Iweke ya kwanza baada ya gitaa. Behringer TU300 ni ya plastiki, lakini hutosha kabisa ukishindwa kufikia Boss TU-3.

Kabla ya kulipa, kagua adapta: pedali hizi hutaka volti 9 zenye hasi katikati ya plagi, na adapta ya redio yenye chanya katikati huweza kufanana nayo kabisa. Kwa kuwa umeme wetu hukatika, chagua inayokubali betri, na ukimaliza kupiga uchomoe waya wa gitaa, kwani ukibaki umechomekwa betri huliwa usiku kucha. Salio linunulie mwangwi wa mtumba. Sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezesha watu katika muziki wa Kikongo, huuhitaji kuliko distoshoni, yaani sauti ya gitaa ya kukwaruza.