Umekwenda kwa Ndugu Kula Krismasi? Basi Kaa Nao

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kwamba Desemba anakwenda Perth, Australia, kwa dada yake, na anaomba nimpe orodha ya sehemu za kutembelea. Orodha! Nikakumbuka maneno niliyopewa niliporudi kutoka mji huohuo: "Yaani umefika Australia na Opera House hujaiona?" Aliyesema ni shangazi yangu, mbele ya watu, na walicheka. Opera House iko Sydney, upande wa pili wa bara, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Perth. Lakini nani alitaka kusikia hayo? Mpaka leo likitajwa jina la Sydney kwenye vikao vya ukoo, naangaliwa mimi.

Nakujibu, ndugu msomaji: kaa nyumbani.

Mimi nilifikia kwa kaka yangu. Wifi yangu anahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza, na zamu ya tarehe 25 aliiomba mwenyewe, maana siku ya sikukuu malipo yanapanda. Wenzetu wengi waliohamia kule wanafanya hivyo. Kwa hiyo Krismasi yetu ilisogezwa jioni. Asubuhi watoto walifungua zawadi wakiwa na nguo za kuogelea, kaka akapika chai, halafu kila mtu akajitafutia feni yake. Nililala mchana wa Krismasi! Mimi, ambaye tangu nimekuwa mtu mzima siku hiyo hunikuta nimeinamia masufuria tangu alfajiri.

Alasiri ukaingia ule upepo wa baharini ambao wenyeji wanauita Fremantle Doctor, na nyumba ikapumua. Nikatoka kibarazani kumenya kamba huku nikifukuza nzi, na nzi wa Perth, wacha niseme ukweli, hawana adabu. Wifi aliporudi akanikuta na bakuli mapajani, akavua viatu, akakaa chini pembeni yangu akaanza kumenya naye. Tangu aolewe hatukuwa tumekaa hivyo. Tulizoea kuongea kwa simu, salamu, watoto hawajambo, haya kwaheri. Siku ile alinieleza mambo ya miaka yake ya mwanzo kule, ambayo hata kaka hajawahi kunigusia, na siyaandiki hapa. Kaka akawasha jiko la gesi la uani, tukala kamba, nyama ya kuchoma na pilau langu, na jua lilikuwa bado halijazama saa moja jioni.

Kesho yake kaka aliamka mapema kuwahi kriketi. Ile mechi ya tarehe 26 huchezwa Melbourne, na kwa saa za Perth huanza saa moja na nusu asubuhi. Kriketi siielewi mpaka sasa. Nilikaa naye hivyohivyo, tukanywa chai, tukamsengenya mjomba.

Sasa niambie, orodha ya nini?

Tatizo letu tukisafiri tunataka picha za kuwaonyesha watu. Tunamfanya ndugu aliyetoka zamu ya usiku awe dereva na mtembezi wetu, kisha tukirudi tunasema amebadilika, hana ukarimu. Hajabadilika, amechoka. Watoto wake wapo likizo ndefu ya kiangazi, kodi ya nyumba inamsubiri, na wewe unauliza "leo tunakwenda wapi?" Muache alale. Pika wewe, osha vyombo wewe, kaa na watoto atoke na mwenzake kidogo. Ukiniuliza ushauri wa pili, nitarudia huohuo: muache alale.

Machache ya lazima basi. Uwanja wa ndege tangaza kila chakula ulichobeba, hata kama ni kifurushi cha viungo. Mimi mbegu zangu za mchicha ziliishia palepale, lakini nilizitangaza, nikapita bila kelele. Ukificha, faini inafika maelfu ya dola. Manunuzi maliza tarehe 24, kwa sababu Krismasi maduka makubwa hufungwa. Jua la kule usilichezee kwa kujidai sisi ni weusi. Krismasi ya 2021 Perth ilipita nyuzi 42. Paka mafuta ya kujikinga, vaa kofia. Baharini oga katikati ya bendera nyekundu na njano tu, ndipo waokoaji wanapoangalia. Na bustani nyingi za umma zina majiko ya kuchomea nyama, bure, ila ukimaliza unasafisha. Kwa mtu anayetaka kutoka na familia bila kumtoboa ndugu mfuko, hapo panatosha.

Ukishindwa kabisa kujizuia, panda boti uende kisiwa cha Rottnest ukaone quokka, vinyama vidogo vyenye sura ya kutabasamu. Kuwapiga picha ruksa, kuwashika au kuwalisha hapana. Nenda peke yako na boti ya asubuhi, nauli ulipe mwenyewe. Na kabla hujakata tiketi ya ndege, mwombe dada yako ratiba ya zamu zake za Desemba, upange safari yako kwa kuifuata hiyo.