Tui kujitenga kwenye chupa: usikimbilie kuongeza polisorbeti

Umeuliza kwa nini tui lako la nazi linajitenga chupani ingawa umelitia polisorbeti, kiungo cha kushikamanisha mafuta na maji. Hilo tabaka zito unalolikuta juu asubuhi si kuharibika. Ni vitone vya mafuta vimepanda tu, maana ni vyepesi kuliko maji. Tikisa chupa: likirudi kuwa tui, vitone bado vizima. Ukiona mafuta mang'avu yanaelea, vimeshaungana, na hapo hakuna kurudi.

Protini za nazi hushika vitone, ila kinyonge. Zinategemea chaji ya umeme kuvizuia visikaribiane, na chaji hiyo hupotea uchachu ukifika karibu na pH 4 (pH ni kipimo cha uchachu). Ndiyo maana ukikamulia ndimu mapema tui linakatika. Moto nao, kuanzia nyuzi 80 hivi, hugandisha protini zikavinatisha vitone, na fungu la vitone hupanda haraka kuliko kitone kimoja.

Polisorbeti haitegemei chaji, kwa hiyo huvumilia asidi na chumvi vizuri zaidi. Lakini wewe umeweka mara tatu ya kiasi cha mwanzo, na unasema krimu, yaani lile tabaka zito, inapanda upesi kuliko mwanzo. Si ajabu! Inayozidi haina kitone cha kushika. Inajikusanya majini kuwa misela, yaani vifungu vidogo mno vya molekuli zake, na misela zikiwa nyingi husukuma vitone vishikane mafungu. Punguza kwanza.

Kisha tafuta homojenaiza, mashine ya kupasua vitone viwe vidogo zaidi, hata ya kuazima. Kipenyo cha kitone kikipungua nusu, kasi ya kupanda hushuka mara nne. Kasimile iliyokamuliwa kwa mkono ina vitone vikubwa mno, haitatulia chupani hata uizidishie polisorbeti.